Kontena la futi 20 au boksi la futi 14? Kisa cha gari la baridi njia ya Nungwi

Alikuja karakana kwangu baada ya sala ya alasiri, simu mkononi, akanionesha picha ya kontena la baridi la futi 20 lililopandishwa mgongoni mwa Fuso. "Fundi, niambie tu kama mtambo wake wa baridi ni mzima. Mengine nishayapanga."

Nilipomuuliza hayo mengine ni yepi, akahesabu kwa vidole. Fedha anazo: nusu akiba ya miaka aliyoendesha bara, nusu fungu lake baada ya ndugu kule Pemba kugawana mavuno ya karafuu. Dereva ni yeye mwenyewe. Njia anaijua, Mjini mpaka Nungwi, kaskazini ya Unguja, kilomita 60 hivi, vyakula vya hoteli upande wa kwenda na samaki upande wa kurudi. Kilichobaki ni fundi kusema "nunua", na kesho asubuhi anakwenda kulipa.

Sikusema. Kisa hiki nakiandika kwa ruhusa yake, jina nimeliacha, kwa sababu tangu siku ile watu wengine watatu wameshanijia na picha ya namna hiyohiyo, na wote wanaanza na swali la mtambo. Mtambo ni swali la mwisho.

Mawazo yake hayakuwa ya kijinga, na hilo lazima niliseme mapema. Bara alikuwa akivuta trela la futi 40 kutoka Dar es Salaam kwenda Tunduma. Katika kazi ile, trela kubwa ndilo lenye faida. Unapakia mara moja, mlango unafungwa kwa lakiri, unafunguliwa siku ya pili au ya tatu. Usiku alikuwa akitazama video za madereva wa Marekani wenye magari yao wenyewe, ambao hubishana trela la futi 48 au la futi 53, na wengi huishia kwenye 53. Sababu yao iko wazi: maghala na madalali wa mizigo kule wamezoea mzigo wa pallet 26 (majukwaa ya mbao ya kupangia mizigo), na mwenye trela la 48 anaingiza 24 tu, basi mzigo unampita. Kikwazo chao ni uzito. Gari na mzigo wake wote havitakiwi kuzidi ratili 80,000, kama tani 36, kwa hiyo anayebeba nyama anaweza kufika kikomo cha uzito na nyuma yake nafasi bado ipo.

Hesabu hiyo ni sahihi kwa watu wale. Ila mlango wao unafunguliwa mara moja. Wa bwana huyu ungefunguliwa mara kumi na moja kabla ya adhuhuri.

Wakati huo alikuwa bado anaendesha gari la mtu mwingine kwa ujira wa wiki, Kanta ya wazi yenye masanduku ya barafu, njia ileile na wateja walewale aliokuwa akitarajia kuondoka nao. Nikamwomba anipe wiki tatu, na kila siku aandike mambo manne kwenye daftari la skuli: uzito wa kwenda, idadi ya vituo, dakika ambazo kifuniko au mlango unakaa wazi kila kituo, na uzito wa kurudi. Alinung'unika. Mwenye kuuza amemwambia ana mteja mwingine. Nikamjibu kwamba sijapata kumwona muuza gari asiye na mteja mwingine.

Daftari lilirudi na siku kumi na nane za kazi, kurasa zimenuka nguru. Siku kumi na tano mzigo wa kwenda ulikuwa kati ya tani 1.1 na tani 1.9. Siku tatu tu ulivuka tani mbili na nusu. Vituo kumi na moja karibu kila siku. Kurudi, samaki kilo 600 mpaka tani 1.4, isipokuwa siku mbili ambazo kusi ilivuma na wavuvi wa Nungwi hawakutoka. Kilichonishitua mimi na yeye ni dakika: kwa wastani mlango ulikuwa wazi dakika tisini na kitu kila asubuhi. Saa nzima na nusu! Mpishi anahesabu, mtunza stoo anatafuta kalamu, mlinzi anataka kuona risiti.

Basi tukakaa kwenye benchi na karatasi.

Kontena la futi 20 la baridi lina ujazo wa ndani wa mita za ujazo 28 hivi. Boksi la futi 14 lenye kuta za sentimita 10, upana wa nje mita mbili, ndani linakuwa na urefu wa mita 4.1, upana 1.8 na kimo 1.9, yaani mita za ujazo 14. Kwa haraka mtu atasema moja ni mara mbili ya jingine, chagua kubwa. Lakini mzigo wake wa kawaida, tani moja na nusu kwenye makreti ya plastiki, unachukua mita za ujazo nne na kitu. Zilizobaki zote ni hewa. Ndani ya kontena angekuwa anasafirisha mita 23 za hewa, ndani ya boksi chini ya kumi.

Na hewa yetu ni nzito kwa mtambo kuliko watu wanavyodhani. Kaskazi ya Februari, nyuzi 31 na unyevu wa pwani, mita moja ya ujazo ya hewa hiyo ukitaka kuishusha mpaka sifuri inabidi uiondolee karibu kilojuli 90 za moto. Zaidi ya nusu ya hizo ni za mvuke, maana mvuke ukigota kwenye koili, yaani mabomba ya baridi ya mtambo, unageuka maji na kuachia moto wote uliouficha. Fungua mlango wa kontena dakika chache, hewa yote ya ndani imetoka na ya nje imeingia: mita 23 mara 90 ni zaidi ya kilojuli 2,000, moto wa kutosha kuyeyusha kilo sita za barafu. Hicho ni kituo kimoja. Na kila unaposhusha kreti, unaiachia hewa nafasi zaidi, kwa hiyo hoteli ya kumi na moja ndiyo mbaya kuliko zote, na ndiyo iliyoko mwisho wa njia, saa tano asubuhi, jua kali.

Nisiudhulumu mtambo wa kontena. Una nguvu kubwa, moto huo utauondoa. Lakini kuna mambo mawili ambayo picha kwenye simu haioneshi.

La kwanza ni umeme. Mtambo ule umetengenezwa kwa ajili ya meli na bandari, hauna injini yake, unakula umeme wa fezi tatu. Barabarani lazima ubebe jenereta, na jenereta linaunguruma tangu unapoanza kulipoza kontena alfajiri mpaka unaposhusha samaki Malindi, pale Mjini. Nyumbani kwake Mwera ana fezi moja, umeme wa kawaida wa nyumba. Angechomeka wapi usiku?

La pili ni sakafu, na hapa ndipo nilipomwona anaanza kunyamaza. Kontena la baridi halipulizi hewa kutoka juu kama boksi la lori. Linapuliza kutoka chini, kwenye mifereji ya aluminiamu ya sakafuni, hewa inapanda katikati ya mzigo na kurudi juu. Limekusudiwa lijazwe sakafu nzima. Ukiweka makreti sitini upande mmoja na kuacha sehemu kubwa ya sakafu tupu, hewa ya baridi inatoka pale penye uwazi, inapanda moja kwa moja na kurudi kwenye mtambo bila kugusa mzigo. Kipimajoto cha mtambo kinasoma sifuri, unafurahi, na kreti la katikati lina nyuzi nane. Isitoshe, mifereji ile ni adui wa kigari cha mkono, na magamba ya samaki yakiingia humo utayatafuta mpaka Idi.

Trela la futi 40 alilolizoea bara tulilimaliza kwa sentensi moja. Aliniuliza, nami nikamuuliza atageuzia wapi kichwa kwenye kichochoro cha mawe kati ya ukuta wa hoteli na ukuta wa nyumba ya mtu.

Mpaka hapo mtu angeona jibu limepatikana, futi 14 kwenye gari la tani nne. Ilibaki sehemu ngumu zaidi, nayo ni baridi ipi. Wateja wake walitaka kila kitu: kuku wa kugandishwa wa nyuzi 18 chini ya sifuri, maziwa na siagi nyuzi 4 hivi, samaki kwenye barafu karibu na sifuri, tungule, ndizi. Boksi moja haliwezi kuwa majira manne. Ndizi haipendi chini ya nyuzi 13, inageuka nyeusi ganda, na mpishi hataki kusikia kwamba ndani ni nzima. Nikamshauri tungule, ndizi na mbatata awaachie wenye magari ya wazi wanaotoka sokoni alfajiri. Hazihitaji baridi kwa safari ya saa moja na nusu, na hakuna atakayemlipa bei ya baridi kwa kuzibeba. Hakupenda, maana mteja anayekupa tungule leo kesho anakupa kuku. Mwishowe alikubali, na hoteli mbili zikamwacha kweli. Sijui kama nilimshauri vyema hapo. Hesabu ya baridi ilikuwa sahihi, hesabu ya urafiki na watunza stoo sikuipiga.

Kwa kuku na maziwa tuliweka ukuta wa kati unaohamishika. Chumba cha mbele cha mita 1.2 kina koili yake na mlango wake wa pembeni, ndicho cha kugandisha. Chumba cha nyuma ni cha nyuzi 2 mpaka 4. Hiyo ndiyo sababu ya kuta za sentimita 10, kwa sababu ukuta mwembamba unatosha kwa maziwa lakini kwa nyuzi 18 chini ya sifuri utatoka jasho nje na kula dizeli ndani. Kila mlango una pazia la plastiki. Utingo wake alilikata pazia la nyuma wiki ya pili kwa sababu linamsumbua usoni, likawekwa jingine.

Sasa samaki wa kurudi. Hapa watu wengi wanaharibu mzigo na kumlaumu fundi. Wanachukua samaki mnadani diko la Nungwi au Mkokotoni, joto lake lilelile la bahari, wanamtupa ndani ya boksi na kufunga mlango wakiamini mtambo utampoza. Mtambo wa gari kazi yake ni kuitunza baridi iliyopo. Tani moja ya samaki wa nyuzi 28, ili ishuke mpaka 2, ina zaidi ya kilojuli 90,000 za kuondolewa. Mtambo wa kilowati 3 ungeifanya kazi hiyo kwa saa tisa hivi bila kufanya jingine lolote. Utafika Malindi kabla hajapoa hata tumboni. Kinachompoza ni barafu, kilo 280 kwa kila tani kwa hesabu tupu, na kwa hali halisi, barafu inayoyeyuka njiani na kwenye mikono ya watu, panga 400. Barafu hiyo inakwenda Nungwi asubuhi ikiwa imekaa ndani ya boksi pamoja na maziwa, inakula nafasi na uzito, na hakuna anayeilipia nauli.

Ukiingiza barafu ndani ya hesabu, boksi la futi 14 linakaa pake. Boksi na mtambo vinachukua kama tani moja ya uwezo wa gari, zinabaki tatu. Makreti manne kwa upana, sita kwa urefu, matano kwenda juu ni 120, na kreti lenye samaki na barafu ni kilo 25, jumla tani 3. Uzito na nafasi vinakwisha pamoja. Gari ambalo nafasi inakwisha baada ya uzito ni kishawishi, dereva atajaza tu, na springi zitakuja kwangu. Juu ya makreti kinabaki kimo cha sentimita 40 kwa hewa kupita, na hicho alikatazwa kukigusa hata kwa boksi moja la siagi.

Dizeli tulilinganisha kabla hajalipa. Fuso kwa kwenda na kurudi Nungwi ingekula lita 34 hivi na jenereta si chini ya 20. Kanta lita 18 na mtambo kama 10. Karibu nusu yake, kila siku ya Mungu, ndani ya mwaka mzima.

Alinunua Kanta iliyotumika, boksi likatengenezwa upya. Kontena lile likachukuliwa na mteja mwingine, kumbe alikuwapo kweli.

Nilikosea mahali pawili na nitayataja, maana kisa bila hayo kitakuwa tangazo la karakana yangu.

Kosa la kwanza ni kompresa, pampu inayosukuma gesi ya mtambo. Ili kupunguza gharama nilimshauri mtambo unaovutwa kwa mkanda na injini ya gari. Ukienda kasi unapoza vizuri, injini ikinguruma polepole nguvu inashuka, ikizimwa hakuna kitu. Nilihesabu mwendo wa barabarani. Sikuhesabu foleni ya getini, ambako mlinzi anamwambia zima gari na gari tatu ziko mbele. Kaskazi ya kwanza, chumba cha nyuma kilipanda kutoka nyuzi 2 mpaka 9 mbele ya geti la hoteli moja, na mpokeaji, mwenye kipimajoto chake mfukoni, akakataa maziwa na krimu zote. Alikuwa na haki. Bwana wangu alinipigia simu pale pale, hakusema neno baya, akasema tu "Fundi, njoo uyanywe." Tulifunga mota ya umeme ya fezi moja pembeni ya kompresa. Hoteli nne zilikubali achomeke kwenye mlango wao wa nyuma. Faida kubwa zaidi ilikuwa nyumbani: sasa boksi linapozwa tangu saa tisa usiku kwa umeme wa nyumba, na saa kumi na moja alfajiri linapakiwa likiwa tayari na baridi, badala ya kupakia kwenye tanuri. Baadhi ya mafundi wangependekeza sahani za kugandisha zinazochajiwa usiku na kushinda zikitoa baridi. Mimi niliona Unguja ikikaa bila umeme wa waya wa baharini tangu Disemba 2009 mpaka Machi 2010, na tangu hapo simtengenezei mtu gari linalotegemea swichi ya ukutani peke yake.

Kosa la pili ni tundu la maji. Niliweka moja, nyuma, likimwaga moja kwa moja chini. Maji ya samaki na chumvi yakarukia chesisi na breki kwa miezi minane, na kutu ile niliiona siku nilipolala chini ya gari kwa jambo jingine kabisa. Sasa kuna mpira wenye koki unaokwenda mbali na ekseli, na usiku boksi linaoshwa kwa maji matamu na klorini kabla kuku na maziwa hayajaingia tena. Bila kuosha hivyo, siagi inanuka jodari, na mgeni wa hoteli huijua harufu hiyo kabla hajaionja.

Disemba ndiyo iliyompa kisirani. Wiki tatu mfululizo, Krismasi ya wageni mpaka baada ya mwaka mpya, mzigo ulivuka tani tatu na akawa anakwenda mara mbili, au anamlipa mwenye pikapu yenye masanduku ya barafu amchukulie sehemu. "Ningekuwa na lile kontena," aliniambia, na kwa wiki zile tatu alisema kweli. Halafu ikaja masika. Aprili na Mei hoteli kadhaa za ufukweni hufunga au hubaki na vyumba vichache, na daftari lake, ambalo nashukuru bado analiandika, lina siku za kilo 400. Siku kama hizo anaondoa ukuta wa kati, anazima koili ya mbele, anakwenda mara tatu kwa wiki. Na jenereta la fezi tatu lingekula dizeli ileile kwa kilo 400.

Lile kontena ninalifanyia huduma mimi siku hizi. Mwenyewe analitumia kuchukua kuku wa kugandishwa bandarini Malindi na kuwapeleka ghala moja la baridi, safari fupi, sakafu imejaa mpaka mlangoni, linafunguliwa mara mbili kwa siku. Halijanisumbua hata siku moja.

Mwezi uliopita bwana wa Kanta alikuja kuongeza gesi, akaniuliza kuhusu njia ya Paje kwa gari la pili. Kule vituo vimetawanyika zaidi, Paje, Jambiani, mpaka Makunduchi, na pale Jozani kuna matuta yaliyowekwa kwa ajili ya kima punju, ambayo kreti lisilofungwa huyajua vizuri. Alikuwa anafikiria futi 10. Nilimuuliza ana siku ngapi daftarini. Akasema sita.